Mwanangu anafundishwa kushukuru kwa kitu ambacho ni chake: siasa na uzalendo kwenye shule zetu za umma

MzaziWaLaTano

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili, leo nimeamua niuweke hivyohivyo hata kama ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi baadae.

Mimi ni fundi wa aluminiamu, nina watoto watatu na wote wako shule za serikali, na mi mwenyewe nimesoma shule ya serikali toka la kwanza mpaka fomu foo, kwahiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia "hamishia private". Sihamishi. Ile shule ni yetu na hiyo ndo hoja yangu yote humu.

Wiki tatu zilizopita binti yangu wa darasa la tano karudi nyumbani saa 9 alasiri, midomo imekauka, viatu vumbi tupu, mkononi ana kibendera cha karatasi. Sio cha taifa, cha chama. Nikamuuliza leo mmesoma nini, akasema hatujasoma baba, tulienda barabarani kumsubiri mgeni. Walitoka darasani saa 3 asubuhi wakapangwa pembeni ya lami, mgeni kapita saa 8 kasoro na magari yalikuwa kwenye spidi, hata uso hawakuuona. Mtoto mmoja wa la pili alianguka kwa jua akabebwa na mwalimu mpaka kivulini. Maji hakuna, chakula hakuna, na mimi mzazi sikuambiwa chochote, wala karatasi wala meseji.

Nikasema sawa, hayo ya jua yamepita. Jioni anaosha vyombo anaimba. Wimbo mzuri tu, una vina, unaingia kichwani haraka, na ndani yake wanamshukuru kiongozi kwa jina lake kwa kuwapa madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Nikamwita, nikamuuliza mama, hilo darasa lenu jipya limejengwa na hela ya nani? Akajibu palepale, ya kiongozi. Nikamuuliza ya mfukoni kwake? Akasema ndio baba, katupa kwa sababu anatupenda.

Nikachukua simu nikamfungulia meseji ya LUKU. Nilikuwa nimenunua umeme wa elfu kumi siku hiyohiyo. Nikamwonesha, hii hapa VAT, hii REA ya umeme vijijini asilimia 3, hii EWURA wanaosimamia nishati na maji asilimia 1, hii kodi ya jengo 1,500 ya mwezi. Nikamwambia hizi zimetoka kwangu na kwa mama yako, na yule bibi wa maandazi pale kona akinunua umeme nae anatoa, akinunua sabuni na soda pia anatoa, zote zinaenda serikalini zikikusanyika zinajenga darasa. Nikamweleza na ile ya 2021, kipindi cha UVIKO, serikali ilipokopa IMF, ikatengwa trilioni 1.3 na humo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, elfu 12 ya sekondari na elfu 3 kwenye shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama. Huo ni mkopo, unalipwa, na watakaoendelea kuulipa ni pamoja na yeye akikua akaanza kazi.

Akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Kwahiyo mwalimu alitudanganya?"

Hapo nilikwama wakuu. Nikisema ndio, kesho anamwangalia mwalimu wake kwa jicho gani? Mwalimu anayemfundisha hesabu, anayemfokea akichelewa, ambae namheshimu kuliko watu wengi mtaani. Nikisema hapana, nimemdanganya mimi. Nikamwambia mwalimu hajadanganya, mwalimu ametumwa. Nikaenda kulala najua hilo jibu ni baya kuliko yote mawili, maana sasa mtoto wa miaka 11 anajua mwalimu anaweza kutumwa kusema kitu.

Kuna na jambo jingine, ambalo ndo lilinitoa nyumbani nikaenda shule. Darasani kwao kuna mtoto ambae baba yake anajulikana mtaani ni wa chama kingine, sio cha siri, bendera anapandisha pale nyumbani kwake. Siku ile ya barabarani mtoto alikataa kushika kile kibendera, nadhani baba yake ashamwambia. Toka siku hiyo wenzake wanamwita msaliti. Binti yangu kanisimulia kama anasimulia habari ya kawaida, "baba yake sio mzalendo." Nikamuuliza mzalendo ni nani? Akasema anaempenda kiongozi.

Sasa jamani. Neno mzalendo mi nimelikuta shuleni likiwa na maana nyingine kabisa. Mzalendo ni mtu wa hapa, anaeipenda ardhi yake na watu wake, aliyepanda miti ya kuzunguka shule na kuimwagilia kwa zamu likizo nzima. Tulikimbia mchakamchaka alfajiri tukiimba ule wa Idi Amin na mamba wa Kagera, tukasimama mstarini tukakaguliwa kucha, bendera ikipandishwa hata nzi akikutua puani hujigusi. Mpaka leo nikipita karibu na kituo cha polisi saa 12 jioni wakati bendera inashushwa nasimama, hata nikiwa na mzigo kichwani, na hakuna anaenilazimisha. Hiyo nimeipata shule ya serikali na nataka wanangu waipate.

Kwahiyo sipingi uzalendo shuleni, nataka uongezwe! Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nimekaa nimesoma kitabu cha binti yangu mpaka katikati, kizuri, nimejifunza vitu sikuvijua. Ninachokataa ni hiki cha kumchukua mtoto aliyekuja kusoma ukamgeuza kuwa watu wa kujaza barabara, alafu liimbwe jina la mtu mahali pa jina la nchi. Wimbo wetu wa taifa hauna jina la mtu hata mmoja. Unaanza na Afrika, unakuja Tanzania, viongozi wanaombewa hekima basi, tena kwa ujumla wao.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nilimpigia kwanza nikaomba nafasi. Alinipokea vizuri. Nikasema nilichonacho, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Mzee wangu, barua ilikuja jana yake saa 10 jioni, imeandikwa idadi ya wanafunzi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Sikuwa na jibu na bado sina, ndo maana nimekuja humu. Wazazi na walimu mliopo, nyie mnafanyaje?

---

Chalinze_NjiaPanda

Mleta uzi nimekusoma vizuri na sikubaliani na wewe, nitasema kwa heshima.

Kwanza kusimama juani, sisi tumesimama sana kusubiri Mwenge wa Uhuru, usiku kabisa mwingine unafika saa 5 usiku watoto mmelala kwenye majani, na ile siku ukiuona umepita mbele yako unakumbuka maisha yako yote. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Disemba 1961, mwanajeshi wetu Nyirenda kaupandisha, sasa mtoto asipotolewa darasani akauone atajuaje ni kitu gani?

Pili kushukuru ni malezi. Mtoto wako akila chakula anasema asante baba, asante mama, hata kama hela ya chakula ni jukumu lako. Ukimfundisha mtoto kwamba hili ni haki yangu na lile ni haki yangu, hakuna wa kumshukuru, utapata mtoto mwenye kiburi. Vijana wa sasa wananitisha, nimewauliza wapwa zangu wawili wa sekondari Kinjeketile ni nani, hawajui, wamekaa wananiangalia. Ndo yule wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 mpaka 1907, watu wetu wamekufa kwa maelfu kwa njaa na kwa risasi na mtoto wa fomu tuu hajui. Huko ndo kwenye tatizo. Bendera ya karatasi itachanika kesho.

La mtoto kuitwa msaliti hapo nakubali sio sawa, mwalimu wa darasa aingilie.

---

mwl_wa_zamu

Mimi ni mwalimu wa msingi, mwaka wa 14 huu kazini, mkoa nauhifadhi.

Mzazi, uliyoyasema ndivyo yalivyo. Barua inakuja na mara nyingine sio hata barua, ni simu au meseji kwenye grupu la watsapu la wakuu wa shule, "kila shule wanafunzi 200 kufikia saa 2". Haina maelezo. Mwalimu mkuu akiuliza swali anaonekana ana lake jambo, na kwa mwalimu kuonekana hivyo maana yake unaweza kujikuta umehamishiwa shule ambayo bodaboda inakuchukua saa mbili toka lami. Sijasema inatokea kila mara, nasema sisi tunaishi tukijua inaweza kutokea, na hiyo inatosha mtu kunyamaza.

Kinachoniuma mimi ni kwamba sheria ipo upande wetu na hatuitumii. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza kabisa kuweka ofisi au tawi la chama mahali pa kazi na kwenye shule. Maana yake waliotunga walijua shule ni ya watoto wa watu wote. Sasa tawi hatuna lakini kibendera kinaingia, na fulana zinaingia, na nyimbo tunazitunga sisi wenyewe walimu, niseme ukweli na mimi nishatunga mmoja, mwaka fulani, na ulipendwa sana nikapewa bahasha ya elfu thelathini. Siku hizi nikiusikia watoto wanauimba natamani niufute vichwani mwao.

Alafu kuna hili. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka 2025, mnakumbuka hali, intaneti imezimwa siku kadhaa, Dar amri ya kutotoka nje usiku, watoto wamekaa ndani wamesikia milio, wamesikia wakubwa wananong'ona. Waliporudi darasani wakaniuliza. Mtoto mmoja alinyoosha kidole, adabu zote, akasema mwalimu, kwenye kitabu imeandikwa raia ana haki ya kuishi na haki ya kutoa maoni, sasa ilikuwaje? Darasa zima kimya, watoto 96 wananiangalia. Nikasema tufungue ukurasa unaofuata.

Nimefundisha miaka 14 na sijawahi kujisikia vile.

---

MzaziWaLaTano

Mwalimu asante sana, nimesoma bandiko lako mara tatu. Sikulaumu na sijawahi kuwalaumu walimu, naomba hilo liwe wazi kwa wote.

@Chalinze_NjiaPanda ndugu yangu hoja ya kushukuru imenifikirisha usiku kucha maana ina ukweli, hata mimi wanangu nawafundisha kusema asante. Lakini angalia hivi. Mtoto akisema asante baba kwa chakula, mimi kweli nimeinuka asubuhi nimeenda kutafuta. Sasa chukua mfano wa vikoba. Mama watoto wangu ni mweka hazina wa kikundi chao, wako 30, kila wiki wanaweka. Siku ya kuvunja anagawa hela mezani. Je wale kina mama wampigie magoti wamwimbie kwa kuwapa hela? Watamwambia ahsante kwa kutunza vizuri, ndio, na wanamwambia, tena na kanga wanamnunulia, lakini daftari wanalifungua na wanahesabu mbele yake. Akikasirika kwa kuhesabiwa, wiki ijayo wanamtoa. Hiyo asante ya kikundi ndo ninayoitaka mimi, ya mwenye hela anaemshukuru mtunzaji. Mtoto wangu anafundishwa nyingine, ya omba omba.

Na Mwenge mi siupingi kabisa. Maneno ya Mwalimu Nyerere ya 1959 nayajua kwa kichwa, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Ukiyasoma taratibu hayo maneno hayamtaji yeye. Alikuwa na nafasi ya kujitaja, asingekatazwa na mtu, hakujitaja. Binti yangu akipangwa barabarani kusubiri Mwenge akapewa maji na akaelezwa hayo maneno kabla, mimi mwenyewe nitaenda kusimama nae.

---

mkongwe_wa_siasa

Vijana, mimi nimestaafu, nimesoma enzi somo linaitwa Siasa, na baadae nimelifundisha.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja kwahiyo hapakuwa na hili mnalolisema la chama hiki na chama kile. Shule, kijiji na chama vilikuwa kitu kimoja. Tulisoma Azimio la Arusha la 1967 na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huohuo, tulikuwa na mashamba ya shule, mi nimelima pamba nikiwa la sita na mapato tulisomewa mstarini, senti kwa senti, imeuzwa kiasi hiki, zimenunuliwa chaki na mipira. Nataka mlielewe hilo maana mleta uzi amelisema bila kujua, SISI TULISOMEWA MAPATO. Mtoto alijua kilichopatikana kimetoka kwenye jembe lake.

Kulikuwa na mabaya pia sitaficha. Swali halikuulizwa. Mwenzetu mmoja chuoni aliuliza kwa nini maduka ya ushirika hayana sabuni na katibu anayo, akaandikiwa ripoti. Ukisikia leo mtoto anaitwa msaliti, mimi hilo neno nalijua lilikotoka, sisi tuliita kupe, tuliita bepari, na tuliwaita hivyo mpaka watoto wa wauza duka ambao hawakuwa na kosa. Kuna mmoja tumezeeka wote na mpaka leo sijamwomba radhi.

Kabla ya vyama vingi kuja 1992, Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka kuwauliza wananchi ikaleta majibu kwamba kama asilimia 80 wanataka chama kiendelee kimoja na 20 wanataka vingi, na bado tukaamua kuwasikiliza wale 20. Somo la Siasa likafa likaja Uraia. Walimu tuliambiwa kuanzia leo hufundishi chama, unafundisha nchi. Wengi wetu hatukufundishwa namna ya kufanya hivyo, tuliambiwa tu. Nadhani mpaka leo hapo hapajarekebishwa.

---

mwana_wa_Mkunazini

Asalaam alaykum. Miye niko Unguja, mama wa watoto wanne wote skuli za serikali.

Ndugu mleta uzi umeandika mengi, lakini lililonikaa miye ni la yule mtoto aliyekataa kibendera. Tafadhalini msilipite haraka. Nyinyi wa bara hamkuyaona tuliyoyaona sisi baada ya uchaguzi wa 1995. Pemba kulikuwa na watu hawauziani dukani, hawapeani mkono, mtu akifiwa jirani haendi kuzika kwa sababu ya chama. Kuzika! Ndoa zimevunjika. Na watoto walikuwa wanaliona hilo kila siku na skuli wanalileta. Miye nilikuwa msichana mdogo, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa benchi moja aliambiwa kwao asikae na miye, na hatujawahi kurudi kuwa kama zamani. Ilibidi ije maridhiano ya 2009, Rais wetu Amani Karume na Maalim Seif wa upinzani wakakaa, 2010 tukapiga kura ya maoni ndipo Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaja na watu wakaanza tena kwenda kwenye maziko.

Halaiki, yale maonyesho ya watoto wengi kwa pamoja, nimecheza miaka miwili, uwanja wa Amaan, sherehe za Mapinduzi. Nilipenda sana na mpaka leo nikiona watoto wanajipanga machozi yananitoka. Tulifanya mazoezi wiki nyingi na masomo yalirudi nyuma, ni kweli, lakini ndani ya ile mistari mtoto wa chama hiki na wa chama kile walikuwa wameshikana mikono maana mwalimu alitupanga kwa urefu. Kwa hiyo miye sikatai watoto kutolewa darasani, nakataa wakirudi wakiwa wamegawanyika.

Mwendee baba wa yule mtoto, muda bado upo.

---

Naks_Mzee

Niaje majirani, mimi ni wa Nakuru, huwa nasoma tu na kunyamaza lakini hii imenigusa.

Sisi nikiwa shule ya msingi miaka ya themanini kila asubuhi gwaride tulikuwa tunakula kiapo cha uaminifu, na maneno yake yalianza na Rais halafu ndio taifa la Kenya likafuata. Mtoto hawezi kujua hiyo ni makosa, mimi nilidhani hivyo ndivyo nchi zote husema. Tena kulikuwa na maziwa ya Nyayo, ya bure shuleni enzi za Rais Moi, zile pakiti za pembe tatu, na yalikuwa matamu kweli, sisi watoto wa maskini tulikuwa tunangoja siku ya maziwa kama Krismasi. Tuliambiwa ni Rais anatupatia. Baba yangu alikuwa mfugaji, ana ng'ombe watatu, anapeleka maziwa kwa chama cha ushirika na analipwa akichelewa sana, na mimi narudi nyumbani namwambia baba leo Mtukufu Rais ametupatia maziwa. Hakuwahi kunijibu. Nimekuja kuelewa kunyamaza kwake nikiwa na watoto wangu.

Tulipoandika katiba mpya 2010 tukaweka kabisa kwamba noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Wengine waliona ni kitu kidogo. Mimi niliposhika sarafu mpya za kwanza, moja ina twiga nyingine ina simba, nilifikiria yale maziwa.

---

mama_wa_Minnesota

Dada zangu kaka zangu salamu toka huku kwenye baridi. Niongeze kidogo tu, huku watoto wa shule za serikali asubuhi wanasimama wanaweka mkono kifuani wanaapa kwa bendera ya Marekani. Mwanangu wa kwanza alipoanza nililia, nilihisi nimemuuza. Baadae mwalimu wake ndo akaniambia kwamba hakuna mtoto anaelazimishwa, Mahakama yao ya Juu kabisa ilishaamua 1943, katikati ya vita vya dunia kabisa, kwenye kesi ya familia za Mashahidi wa Yehova, kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kusalimu bendera. Nilipojua hivyo wala sikumzuia tena, anaapa akitaka, na huku nyumbani anaimba Mungu Ibariki Afrika.

---

MzaziWaLaTano

@mama_wa_Minnesota sasa nikushangaze, hata sisi tunayo kesi ya hivyo na watu wengi humu hawaijui. 2007 wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa na wengine kusimamishwa shule ya sekondari kwa kutoimba wimbo wa taifa, wakashindwa Mahakama Kuu, wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa haki, kwamba kusimama kwa heshima bila kuimba sio kuudharau wimbo. Mimi sio wa dhehebu hilo na wimbo nauimba kwa sauti. Ila kama mahakama ya juu kabisa nchini imesema mtoto halazimishwi hata wimbo wa TAIFA, huyu mtoto wa jirani yangu anaitwa msaliti kwa kibendera cha karatasi kwa sheria ipi?

@mwana_wa_Mkunazini dada yangu nimekusikia. Leo baada ya kazi nakwenda kwa yule baba.

---

MzaziWaLaTano

MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa siku tano, kulikuwa na kazi ya madirisha huku Kibaha.

Kwa yule baba nilienda. Nilikuta anamkatia mbuzi majani, nikajitambulisha, mwanzo alinitazama kwa wasiwasi akidhani nimetumwa. Tulikaa mpaka saa 3 usiku. Ameniambia kitu sikukijua, kwamba mtoto wake alikuwa anaomba asiende shule tumbo linamuuma, siku nne mfululizo, na wao walimpeleka zahanati wakapima malaria na UTI hawakuona kitu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya binti yangu. Kesho yake asubuhi nikampeleka binti yangu mwenyewe nikamsimamisha mbele yake, akaomba radhi, wakaondoka wote shule. Njiani sijui walizungumza nini.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi. Kawaida tunakuja 40, safari hii tulikuwa kama 130, wengi wana la kusema kuhusu mchango wa chakula na mlinzi, nami nikasubiri mengineyo. Niliposimama nilitetemeka sana, niseme tu. Sikutaja chama wala kiongozi. Nikaomba mambo yaingie kwenye muhtasari, mtoto asitolewe nje ya shule bila mzazi kuandikiwa, akitolewa kuwe na maji na mwalimu wa huduma ya kwanza, kisigawiwe kitu chochote chenye alama ya chama ndani ya geti, na nyimbo za kukaribisha wageni zitaje shule na nchi.

Kukawa kimya. Mzee mmoja nyuma akasema wewe unatafuta nini, utatuletea matatizo. Akainuka mama mmoja ambae najua kabisa ni kada, huvaa sare kila sherehe, nikajua nimeisha. Akasema, "Yule mtoto wa la pili aliyeanguka juani ni mjukuu wangu. Hili la maji na barua naliunga mkono." La alama za chama hakuligusa, lakini aliposema hivyo mikono ikaanza kunyooshwa.

Matatu ya maji, barua na huduma ya kwanza yamepita. La vibendera mwenyekiti wa kamati alisema liandikwe kuwa limejadiliwa na litafikishwa kwa mratibu elimu kata. La nyimbo mwalimu mkuu mwenyewe ndo alilijibu, akasema hilo liko ndani ya uwezo wake na ameshamwambia mwalimu wa muziki. Hakusema zaidi akakaa.

@mkongwe_wa_siasa ule mfano wako wa mapato ya pamba niliutumia, na kamati imekubali kubandika mapato na matumizi ya shule kwenye ubao wa matangazo, ile ruzuku ya serikali na mchango wetu wa chakula, kwa maandishi makubwa ambayo mtoto wa la tano anaweza kusoma. Jumatatu binti yangu kanikariri kiasi kilichonunulia chaki.

Muhtasari haujapigwa mhuri bado, naambiwa nirudi Ijumaa. Nikiupata nitafunika jina la shule niuweke hapa kwa mwenye kutaka kuutumia kwake. @mwl_wa_zamu kama bado uko humu, kuna wazazi wawili wameniuliza ungejibu nini leo ukiulizwa tena lile swali na yule mtoto, nami nikasema nitakuuliza.